Mwongozo kamili: Kumrudisha nyumbani mtoto wa mtaani, na akabaki

Vikundi vingi vya mtaa, vya msikiti na vya kanisa vinafanya kazi hii kwa moyo wote na kwa mpangilio uleule. Mtoto anachukuliwa stendi, anaogeshwa, ananunuliwa nguo, anakatiwa tiketi, anakabidhiwa kwa mama yake huku watu wakipiga picha. Baada ya wiki mbili au tatu yuko stendi ileile, na sasa hataki hata kusalimiwa.

Kilichoharibika ni mpangilio. Nauli imetangulia, na kile kilichomtoa nyumbani kimeachwa kama kilivyokuwa.

Mwongozo huu unahusu mtoto wa chini ya miaka 18 anayelala nje katika miji ya Tanzania Bara. Haumhusu yule anayeuza karanga mchana na jioni anarudi kwa mama yake. Huyo ana kwao, na kumchukua ni kumtenga na familia aliyonayo.

## Mahitaji kabla ya kumsogelea mtoto yeyote

Watu watatu. Wawili wa kwenda kuongea na mtoto, mmoja wao awe mwanamke, na wa tatu wa kutunza daftari na fedha. Mtu mmoja peke yake asifanye kazi hii hata kama ni mcha Mungu kiasi gani. Inamlinda mtoto, na inamlinda yeye pia dhidi ya tuhuma.

Afisa Ustawi wa Jamii. Kata nyingi hazina wa kwao, kwa hiyo anzeni kwa Mtendaji wa Kata awaelekeze halmashauri. Ulizeni pia kuhusu kamati ya MTAKUWWA ya mtaa au kata, ile inayoshughulikia ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Ikiwa hai, nusu ya milango itafunguka.

Namba za simu. Huduma ya simu kwa mtoto ni 116, bure kwa mitandao ya simu. Muwe pia na namba ya dawati la jinsia na watoto la kituo cha polisi kilicho karibu.

Mahali pa kulala kwa muda. Hiki ndicho kinachokosekana zaidi. Kunatakiwa makao ya watoto yenye leseni, au mlezi wa kuaminika aliyechunguzwa na kuidhinishwa na ustawi wa jamii. Chumba cha uani kwa mwanakikundi hakifai, wala ofisi ya msikiti au ukumbi wa kanisa.

Daftari moja kwa kila mtoto, linalofungiwa kabatini. Msichanganye watoto wawili kwenye daftari moja, maana siku moja mtalipeleka kwa ofisa na siri za mtoto mwingine zitasomwa.

Nauli 15. Hapa ndipo hesabu za wengi zinapokosewa, kwa hiyo tuihesabu polepole. Watu wawili wanakwenda nyumbani kwa kina mtoto bila yeye, wanarudi: nauli 4. Wawili wanampeleka mtoto, wanarudi: nauli 5, kwa kuwa mtoto anakwenda tu. Kisha mtu mmoja anafuatilia mara tatu, kwenda na kurudi: nauli 6. Jumla 15. Tiketi ikiwa shilingi 40,000, hiyo ni shilingi 600,000 kabla ya kula, kulala, sare na kutatua tatizo lenyewe. Kikundi chenye fedha hizo hakina uwezo wa kurudisha watoto watano. Kina uwezo wa mtoto mmoja, na mmoja aliyebaki kwao ni bora kuliko watano waliozungushwa.

## Hatua ya 1: Tambulikeni serikalini kwanza

Nendeni kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na Mtendaji, mweleze mnachotaka kufanya, kisha mwonane na Afisa Ustawi. Ombeni barua yenye mhuri inayotaja majina yenu na eneo mtakalofanyia kazi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kuripoti, basi, ni wajibu wenu. Kumhamisha mtoto kutoka mkoa hadi mkoa ni jambo jingine kabisa. Ipo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na polisi akiwakuta kwenye basi na mtoto asiye wenu, bila karatasi, ana haki ya kuwashusha.

Hatua hii imekamilika pale ofisa anapokuwa na namba yenu, nanyi mna barua. Ahadi ya mdomo haitoshi.

## Hatua ya 2: Zoeleka sura

Chagueni sehemu moja (stendi, nyuma ya soko, baraza la duka) na saa moja, kwa mfano saa 10 jioni, na mwende watu walewale mara mbili au tatu kwa wiki. Mtoto wa mtaani ameshaona watu wengi wanaokuja mara moja na mifuko ya mikate na kutoweka. Anachopima ni kama mtarudi.

Msigawe hela. Noti ya elfu moja ikiingia mkononi mwa mtoto wa miaka tisa, kabla ya usiku imeshachukuliwa na wakubwa wake, pengine kwa kipigo. Kunyweni naye chai na chapati hapohapo kibandani, mkae chini kama yeye.

Karibu kila maskani ina kijana mkubwa anayewalinda wadogo na kuwatoza. Msalimieni yeye kwanza. Mkimpita kama hayupo, atawatia watoto hofu kwamba ninyi ni askari wa kiraia, na kazi imekwisha.

Mtoto akiwa amevuta gundi au petroli, salimia na uondoke. Usimnyang'anye chupa. Mazungumzo ya saa hiyo hatayakumbuka, ila mkono uliompokonya ataukumbuka.

Na msiahidi shule. Msiahidi chochote msichokuwa nacho siku hiyo.

Mambo yanakwenda vizuri mtoto anapoanza kuwafuata yeye, akakwambieni jina ambalo silo lile la maskani. Inaweza kuchukua wiki tatu, inaweza kuchukua miezi miwili. Mkiharakisha hapa mtalipa hatua ya 10.

## Hatua ya 3: Mwili kabla ya maswali

Mtoto anayejikuna usiku kucha hawezi kukaa akaeleza habari za kwao. Mpelekeni zahanati, Afisa Ustawi akiwa na taarifa.

Upele unatibiwa kwa losheni ya BBE, lakini wote anaolala nao watibiwe kwa wakati mmoja na nguo zifuliwe siku hiyohiyo, la sivyo utarudi. Homa ipimwe malaria. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, ambacho matibabu yake hayalipiwi. Vidonda vya miguuni vikaguliwe funza.

Akieleza, au mkishuku, kwamba amebakwa au kulawitiwa, mambo mengine yote yanasimama. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72, kwa hiyo hospitali na dawati la polisi ni siku hiyohiyo. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizovaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi. Msimhoji wenyewe, swali moja aliloulizwa vibaya linaweza kuharibu ushahidi na kumuumiza upya.

## Hatua ya 4: Jueni kwao ni wapi, na siku aliyoondoka ilikuwaje

Mtoto atadanganya jina, atadanganya mkoa, atasema wazazi wamekufa wakati mama yuko hai. Anajilinda. Anaogopa kurudishwa kwenye kile alichokikimbia, au kupelekwa polisi. Msimkamate kwa uongo wake wala msimwambie "jana ulisema hivi". Andikeni yote mawili na msonge mbele.

Mazungumzo yasizidi dakika 20. Fanyeni siku tofauti, huku mkichambua maharage au mkichora, na maswali yawe ya vitu alivyoviona kwa macho:

- Gulio au mnada wa kwenu ni siku gani, na watu wanauza nini zaidi?
- Maji mlichota wapi: kisima, lambo, mto, bomba? Mlipita nini njiani?
- Mwalimu mkuu mlimwitaje mkiwa peke yenu? Jina la utani la mwalimu halisahauliki, na kijiji kizima kinalijua.
- Ukiumwa ulipelekwa zahanati gani? Kwa miguu au kwa bodaboda?
- Mashine ya kusaga ni ya nani?
- Ulipanda basi, lori au treni? Lilisimama wapi watu wakala?

Rangi ya sare haisaidii, shule nyingi za msingi za serikali zinavaa shati jeupe na bluu. Jina la mkoa nalo halisaidii sana, kwani watoto wengi hawafiki mjini kwa safari moja. Anayesema ametoka Morogoro huenda aliishi stendi ya Morogoro miezi sita, na kwao ni mbali zaidi.

Sikilizeni lugha. Mtafuteni mtu anayezungumza lugha mnayoidhania, amsalimie kwa kawaida tu. Mtoto akiitika "mwangaluka" bila kufikiri, au akigeuka haraka kusikia "mbukwenyi", mmepata upande wa kutafuta: Usukumani au Ugogoni.

Kuhusu sababu, msiulize "kwa nini ulitoroka?" Swali hilo limebeba lawama, na jibu lake karibu kila mara ni "maisha magumu". Ulizeni: "Siku ile uliyoondoka ilikuwaje, tangu asubuhi?" Hapo ndipo linatoka lile lenyewe. Ng'ombe alipotea malishoni, akaogopa kurudi bila ng'ombe. Baba wa kambo alimwambia asile ugali wake. Baba alikufa, ndugu wakachukua nyumba, mama akarudi kwao bila watoto. Alitumwa hela ya mchango wa shule ikadondoka. Kaka wa jirani alikuja na viatu vipya, akasema mjini hela zipo. Kwa wasichana, mara nyingi aliletwa mjini kufanya kazi za ndani, hakulipwa, au mwenye nyumba alimwingilia, akakimbia na nguo aliyovaa. Wasichana hawaonekani sana stendi usiku, maana wanafichwa kwenye vibanda na vyumba vya watu. Msidhani hawapo.

Umaskini upo nyuma ya karibu yote haya, lakini katika kijiji kilekile chenye umaskini uleule watoto wengi wanabaki nyumbani. Tafuteni lile lililozidi kwake.

Mkishapata jina la kijiji au shule, msimpigie mzazi kwanza. Huenda aliyempiga ndiye atakayekuja kumchukua. Pigeni kwa Mtendaji wa Kijiji kupitia halmashauri yake, au kwa mwalimu mkuu kupitia Afisa Elimu Kata. Wapeni alama zote isipokuwa moja: kovu la nyuma ya sikio, au kidole kilichopinda. Subirini waitaje wao. Wakiitaja, mtoto ni wao.

Picha yake isiende kwenye magrupu ya WhatsApp. Ikishatoka hairudi, na wanaoitafuta si wazazi tu.

Mtoto akieleza Taveta au Bungoma za Kenya, au Rumonge ya Burundi, msivuke naye mpaka. Hiyo ni kazi ya ustawi wa jamii wa nchi zote mbili. Kenya na Uganda nako 116 ni simu ya watoto. Aliyetoka kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu ashughulikiwe na Idara ya Wakimbizi na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, hata kama yeye mwenyewe anasema anataka kurudi Burundi au Kongo.

## Hatua ya 5: Nendeni kwao bila yeye

Hii ndiyo safari inayorukwa, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mkienda na mtoto siku ya kwanza, hakuna mzazi atakayesema "simtaki" mbele ya wageni na mwenyekiti wa kijiji. Atalia, atamkumbatia, na ninyi mtaondoka hamjui lolote.

Fikeni na Mtendaji au mjumbe. Kaeni saa mbili au tatu. Wengine waongee na wazazi, mmoja aombe kwenda kuonyeshwa choo au kisima na mtoto mkubwa wa nyumba hiyo. Njiani mtasikia mengi.

Mambo ya kutoka nayo:

- Nani wanaishi humo, na nani anaamua. Mara nyingi siye anayeongea.
- Mtoto atalala wapi. Ombeni muonyeshwe mahali penyewe, mkeka au godoro. "Tutaona" ni jibu la hapana.
- Wanakula mara ngapi kwa siku mwezi huu, na akiba ya chakula itafika lini.
- Alipoondoka walifanya nini. Waliripoti? Walimtafuta? Aliyetangaza msikitini na kwenda kituo cha polisi si sawa na aliyegundua baada ya mwezi.
- Mwalimu na jirani wanasemaje. Jirani aulizwe peke yake.

Msitoe fedha wala msiseme mtatoa. Ikijulikana kwamba mtoto aliyetoroka analeta mtaji, mtakuwa mmewapa majirani sababu ya kuwaachia watoto wao pia waondoke.

Safari hii imefaulu kama mnaweza kuandika kwa sentensi moja: "Alitoka kwa sababu hii, na ili abaki lazima hili libadilike." Mkishindwa kuiandika, rudini tena kabla ya kwenda mbele.

## Hatua ya 6: Amueni anakwenda wapi

Kikao kiwe cha Afisa Ustawi, kikundi na mtoto mwenyewe. Aeleze anachotaka, na asikilizwe hata pale isipowezekana.

Kwa mzazi ndiko kwa kuanzia, ikiwa hakuna hatari ya kuumizwa. Kama ipo, tafuteni shangazi, mjomba, bibi, kaka aliyeoa. Bibi ni kimbilio la wengi, lakini hesabuni anao wajukuu wangapi tayari na ana nguvu gani. Pasipokuwa na ndugu anayefaa, ni mlezi wa kuaminika aliyeidhinishwa. Makao ya watoto yawe ya mwisho, kwa kuwa mtoto akishazoea kengele ya chakula na vitanda vya ghorofa, kurudi kijijini kunazidi kuwa kugumu kila mwaka.

Kijana wa miaka 16 aliyeishi mtaani miaka mitano mara nyingi hatabaki kwa wazazi, na kumlazimisha ni kupoteza nauli. Huyo anahitaji chumba, ufundi na mtu mzima wa kumtembelea, pamoja na safari ya kwenda kusalimia kwao ili undugu usikatike. Fundi cherehani, seremala au makanika akubali kwa maandishi: saa za kazi, chakula cha mchana, na muda wa mafunzo. Umri wa chini wa ajira kisheria ni miaka 14, na kazi za hatari haziruhusiwi kabla ya 18. Kodi mlipeni mwenye nyumba moja kwa moja na mchukue risiti.

Mtoto asirudishwe kabisa nyumbani ambako aliyemnajisi bado anaishi. Machozi ya mama, ahadi ya ukoo na faini ya mbuzi visibadilishe uamuzi huu.

## Hatua ya 7: Ondoeni sababu

Dawa inategemea ugonjwa, kwa hiyo chukueni ile sentensi mliyoiandika.

*Kipigo.* Mzazi hakai na mtu wa mjini akabadilika. Tafuteni mtu anayemheshimu: mjomba wa mtoto, shekhe, mchungaji, mzee wa ukoo. Waongee mara kadhaa kabla mtoto hajafika. Kama tatizo ni mifugo iliyopotea, deni la ng'ombe lizungumzwe na wakubwa liishe, asikutane nalo mlangoni.

*Shule.* Shule za serikali hazitozi ada, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula vinabaki. Nunueni sare mbili, viatu, madaftari 10, na mwongee na mwalimu mkuu kuhusu darasa. Kijana wa miaka 13 hatakaa dawati moja na wa miaka saba. Ulizeni MEMKWA, mpango wa waliokosa elimu ya msingi. Msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi; utaratibu huo ulitangazwa Novemba 2021. Kama hana cheti cha kuzaliwa, kianze RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, mapema kwa sababu kinachelewa.

*Nyumba au shamba lililochukuliwa baada ya kifo.* Mjane au walezi wafungue mirathi, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, wakisaidiwa na msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yake ni bure. Shauri kama hili linachukua muda, hivyo mtoto akae kwa ndugu wakati linaendelea.

*Njaa.* Msaada mdogo wenye umbo lake ni bora kuliko bahasha: magunia mawili ya mahindi hadi mavuno, jembe na mbegu, mtaji wa kuuza samaki kwa awamu mbili. Ulizeni kama kaya inaweza kuingizwa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, lakini msiahidi, kwa kuwa uandikishaji una wakati wake. Mama aliye kwenye kikundi anaweza kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wametengewa 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2.

Kisha yaandikwe makubaliano mafupi, yasainiwe mbele ya Mtendaji. Maneno yawe ya kupimika:

> "Mimi … nitampokea … kuanzia tarehe … Atalala chumba kimoja na kaka yake. Hatapigwa kwa kosa la kuondoka. Ataanza shule tarehe … Akiondoka, nitampigia Mtendaji siku hiyohiyo."

"Nitamlea kwa upendo" ni maneno mazuri, lakini hakuna anayeweza kuyakagua.

## Hatua ya 8: Safari

Mabasi sasa yanasafiri hata usiku, lakini ninyi safirini mchana na mfike kabla ya saa 9, Mtendaji akiwa bado ofisini. Wasindikizaji wawe wawili, mmoja wa jinsia ya mtoto. Bebeni barua ya ustawi wa jamii yenye mhuri, makubaliano, na kadi ya matibabu pamoja na dawa alizobakiza.

Mtoto avae nguo safi za kawaida. Akishuka na viatu vya kumeremeta na begi limefura, wadogo zake waliobaki nyumbani wakivumilia wataona kwamba kutoroka kunalipa. Mpelekee kila mtu kitu kidogo: sukari kilo mbili, sabuni mche mmoja, daftari kwa kila mtoto wa nyumba. Mtoto mwenyewe ndiye amkabidhi mama ile sukari.

Kwenye kituo cha kula, mmoja asimuache. Ni hapo wengi wanapopata woga na kupotelea kwenye umati. Akisema hataki tena, shukeni naye chini ya mti, mpigieni Afisa Ustawi. Kurudi naye ni hasara ya nauli tu.

## Hatua ya 9: Wiki mbili za kwanza

Waelezeni wazazi mapema yatakayotokea ili wasiyachukue kama utovu wa nidhamu. Atalala mchana na kukesha usiku. Ataficha chakula chini ya mkeka. Atatukana. Kama alikuwa anavuta gundi, atakuwa na hasira, kichwa kitamuuma, na hatatulia. Jioni, ile saa aliyozoea kwenda kutafuta, atatembea kuelekea barabarani.

Jioni hiyo apewe kazi na mtu: kufungia mbuzi na baba, kuosha vyombo na dada, mpira na mjomba. Asifungiwe ndani.

Kuna jambo watu wazima wanalisahau. Mtoto huyu alikuwa na hela yake mwenyewe kila siku, hata shilingi 500, na sasa hana hata ya pipi. Kuku wawili ambao ni wake, na kila mtu nyumbani anajua ni wake, wanafanya kazi kubwa hapa.

## Hatua ya 10: Ufuatiliaji, na mtoto akirudi mtaani

Simu siku ya 3, siku ya 7, kisha kila wiki hadi miezi miwili. Pigeni kwa mzazi na pia kwa mtu wa pili, mwalimu au jirani, na siku nyingine mwombe kuongea na mtoto. Mzazi anayesema kila mara "yupo ila ametoka" anahitaji kutembelewa.

Safari tatu za nauli zile 6: mwisho wa wiki ya pili, mwezi wa tatu, mwezi wa sita. Angalieni daftari la shule tarehe kwa tarehe, angalieni mahali anapolala, mpime kwa macho kama amenenepa au amekonda, na mkae naye peke yake mahali pa wazi ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii.

Miezi sita ikipita akiwa anasoma au anajifunza kazi, analala ndani, na analalamikia mambo ya kawaida ya nyumbani (dada anamtuma sana, ugali hauna mboga), Afisa Ustawi anaweza kufunga faili. Malalamiko hayo ni dalili njema. Mtoto anayesema "kila kitu kizuri" huku anaangalia chini si wa kufungiwa faili.

Akionekana tena stendi, msimkaripie na msimwambie gharama mliyotumia. Mnunulieni chai kama zamani, mmuulize siku aliyoondoka ilikuwaje tangu asubuhi. Atakachosema ni sehemu ya ile sababu ambayo hamkuiona. Mjulisheni Afisa Ustawi siku hiyohiyo, fungueni daftari lilelile, muanzie hatua ya 5, na safari hii mwulizeni pia ni ndugu gani mwingine anayempenda, kwani wakati mwingine jina la shangazi aliyeko kata ya pili linatajwa kwa mara ya kwanza hapo. Daftari lisichomwe hata baada ya faili kufungwa. Mkabidhini Afisa Ustawi akalihifadhi.